Zamu Yako ya Jumatano

Mama,

Nimetoka kanisani, nimekaa jikoni kwetu hapa mtaani Umbilo, huku ugenini. Papa amelala kidogo, kwa hiyo nyumba imetulia. Ni miezi minne sasa tangu utuache. Viatu vyako bado viko karibu na mlango. Papa hataki mtu aviguse.

Nianze na mazishi, maana hukuyaona. Wamama wa chama chako cha wanawake wa Kongo walikuja wote na kile kitenge chenu cha bluu, wakafunika sanduku lako kwa bendera ya Kongo. Nilikasirika. Unajua tulivyogombana juu ya bendera ile. Kila mwaka siku ya uhuru mlikodi ukumbi, mkaimba, mkacheza, na mwaka mmoja nikakuuliza, "Nchi iliyotufukuza, bado unaivaa kiunoni?" Ukanijibu huku ukimenya vitunguu: "Nchi haikunifukuza. Watu ndio walinifukuza." Mimi nilikuwa na miaka tisa tulipokimbia kwetu Uvira. Niliona unajidanganya tu.

Wiki tatu baada ya kukuzika, Mama Riziki, makamu wako, aliingia saluni kule Overport nikiwa nasuka mteja. Hakuketi. Akasema, "Neema, mama yako alikuwa na zamu hospitalini kila Jumatano. Kiti iko wazi."

Nikamwambia mimi si mtu wa chama. Akasema, "Wagonjwa hawaulizi kadi."

Nilijua unaenda hospitali, lakini nilidhani mnaenda kuombea wagonjwa na kugawa juisi. Kumbe ulikuwa unakaa kwenye benchi la wodi ya wazazi, unawatafsiria wanawake wetu wasiojua Kiingereza wala Kizulu. Hukuniambia. Au uliniambia, na mimi nilikuwa na simu sikioni. Nafikiri ni hii ya pili.

Bosi wa saluni alinipa ruhusa asubuhi za Jumatano. Wiki mbili za kwanza zilikuwa rahisi: jina, miaka, mimba ya ngapi. Nikajiona nimeiweza kazi.

Jumatano ya tatu nikaitwa kwa mwanamke mmoja, nitamwita Bahati. Mimba imekomaa, damu inamtoka, bwana wake yuko Clairwood anapakia malori na simu haipokei. Daktari akanieleza haraka kwamba placenta imeziba njia, mtoto hawezi kupita, lazima apasuliwe leo hii, la sivyo watapotea wote wawili. Nilielewa kila neno. Kisha nikamgeukia Bahati, na, Mama, sikuwa na neno la Kiswahili la hiyo placenta. Wewe ulifundisha watoto kila Jumamosi pale ukumbini, na mimi nilibaki nyumbani na televisheni.

Nikabuni. Nikamwambia, "Nyumba ya mtoto imeziba njia. Watakupasua, watoe mtoto, na ile nayo waitoe."

Uso wake ulibadilika. Akasema, "Wanataka kutoa kizazi yangu." Safarini walimwambia kwamba wageni huku wanafungwa kizazi, naye alikuja na woga huo kutoka mbali. Akachomoa sindano ya maji mkononi, akashuka kitandani, akaanza kutafuta kitenge chake. Damu ilimfuata sakafuni. Nesi akanifokea, "Eish, umemwambia nini?" Sikujua nimemwambia nini.

Nikampigia Mama Riziki. Alikuwa sokoni, nilisikia watu wakibishana bei. Nikamweleza. Akapiga kelele, "Nyumba ya mtoto ni kizazi chenyewe, weye! Hiyo ni kondo! Kondo la nyuma! Mupe simu!"

Sijui alimwambia mambo gani. Nilisikia tu Bahati akisema "ndiyo, mama," "ndiyo, mama," akiwa ameshika ukuta. Mwishoni akauliza, "Na kizazi inabaki?" Nikamuuliza daktari. Daktari akasema hawana nia ya kukitoa, ila damu ikikataa kukoma inaweza kuwa lazima, ili asife. Nilitamani nikate kipande hicho cha mwisho. Sikukikata. Nilimwambia chote, polepole. Akarudi kitandani peke yake na kuomba kalamu ya kutia sahihi.

Mtoto ni wa kiume. Kizazi hakikuguswa. Bwana wake alifika jioni na vumbi la malori kichwani, akaniuliza mara tatu kama ni kweli wote ni wazima.

Kesho yake nilirudi, ingawa haikuwa zamu. Nilimwomba Bahati msamaha. Akasema, "Ulinitisha sana, dada." Halafu akaniuliza kama namjua Mama Neema, yule aliyemsaidia siku ya kwanza alipokuja kupimwa. Alisema, "Aliniahidi siku ya kuzaa atakuwepo. Nilimungoja."

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Nilimwambia mimi, kwamba umekufa, na kwamba Neema ni mimi. Maneno hayo nilikuwa nayo yote, sikukosea hata moja. Tulilia, kisha mtoto akataka kunyonya.

Mama, nimeanza kwenda ukumbini Jumamosi. Nakaa na Mama Riziki na wazee wenzake, wananitajia majina ya vitu vya tumboni na magonjwa yake, nami naandika. Wananicheka ninavyotamka. Siku ya uhuru ikija siahidi kucheza, labda nitapika. Bado sijakubaliana nawe kwa kila kitu kuhusu nchi ile.

Pumzika sasa, Mama wangu. Uliwaahidi wanawake wengi kwamba utakuwepo, na siwajui wote ni nani, ila wakija Jumatano watanikuta pale kwenye benchi lako. Na nisilolijua nitasema silijui, nitauliza. Sitabuni tena.

Mtoto wako,
Neema