Mito ya Hotelini

9 Machi

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ukiacha mgongo wa baba yako, ambao siku hizi ndio unaoamua nani aamke na nani aendelee kulala. Wewe je? Kile kikohozi kimeisha, au umenyamaza tu ili nisiulize?

Mzigo umefika. Breki ameushusha mlangoni akaondoa lori mbio kama kawaida yake. Huyu dereva jina hilo walimpa kwa utani. Sponji ni nzuri, nene, nyingine hazijabonyea hata kidogo. Nimezikata vipande, nimeziloweka siku mbili, nikazikamua kwa miguu ndani ya beseni mpaka magoti yakagoma. Sasa zimeanikwa ua mzima, baba yako hana pa kuweka kiti.

Mito ya mizigo iliyotangulia imekwisha yote. Watu wanaulizia "ile ya hotelini", nami najibu bila kupepesa macho kwamba mwanangu anafanya usafi hotelini, na magodoro wakiyachoka wanayatupa yangali mazima. Hata jirani yetu aliyejifungua pacha amechukua miwili midogo. Tangu kiwanda cha sare kiniachishe kazi sijasikia mtu akisifu mikono yangu, kwa hiyo niache nijisifu kidogo. Tukipata sponji nyingine tutamaliza ule upande wa paa unaovuja.

Ila mbona siku hizi magodoro yanakuja yamechunwa? Yale ya kwanza yalikuja na vitambaa vyake, nikapata foronya za bure.

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Mpe pole baba na mgongo wake. Kikohozi kipo kipo tu, ni hizi dawa za kusugulia sakafu.

Vitambaa navichana huku kwa sababu vinajaza lori na Breki analalamika. Usihangaike navyo. Sponji ziloweke zaidi, mama, hata siku tano, na uweke dawa ya madoa. Ukianika, anika kwenye jua kali. Najua unajua kazi yako, lakini fanya hivyo kwa ajili yangu.

Nimechoka. Nikitoka zamu nakaa nyuma ya jengo na kisu cha mkate, nachana mpaka lori lije. Vidole vimejaa malengelenge hata kalamu inanishinda. Wiki ijayo kuna magodoro saba mengine.

Mwanao

21 Mei

Mwanangu,

Sisi tuko hai. Wewe sijui, maana sijui tena niulizie wapi.

Jana Breki alifika amenuna. Alisema amechelewa kupakia saa nzima kwa sababu gari la wagonjwa lilikuwa limeziba lango la nyuma. Nikamuuliza gari la wagonjwa linatafuta nini hotelini. Akanitazama akasema, "Hoteli gani, mama? Mimi napakia hospitali, kwa mwanao. Tangu mwaka uanze."

Nilikuwa nimeshika mkasi. Nikauweka chini, nikaingia ndani, nikakaa.

Siulizi kama sponji ni chafu. Maji na jua vimefanya kazi yao, nami nimefanya yangu. Nauliza hoteli. Neno hilo umeliweka wewe kinywani mwangu, nami nimelitembeza nyumba kwa nyumba nikitabasamu. Yule mama wa pacha aliniuliza mara mbili kama nina hakika na hiyo mito. Niliapa. Niliapa kwa jina lako, mwanangu.

Niambie mizigo ipi ni ya hoteli na ipi ni ya hospitali. Nahitaji kujua niende kwa nani.

Mama yako

30 Juni

Mwanangu,

Salamu. Hujajibu. Breki anasema amekuona, uko mzima, umekonda.

Nilichoka kungoja, nikaenda kwa wote. Kila mlango nilisema maneno yale yale: ile mito si ya hotelini, ni magodoro ya hospitali, nilidanganywa nami nikawadanganya, naomba unirudishie nami nikurudishie pesa yako. Fundi viatu alicheka, akasema kichwa chake kimeshalala pabaya zaidi ya hapo, akabaki na wake. Wengine walinipa bila kunitazama. Mama wa pacha hakufungua mlango. Aliitupa mito kupitia dirisha, kisha nikasikia anawasugua watoto na wao wanalia. Simlaumu. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo.

Akiba ya paa imeishia huko. Sasa nafua nguo za watu, maana hakuna anayetaka kununua kwangu hata kitambaa cha jikoni. Baba yako anasema ningenyamaza tu, nani angejua. Wiki ya tatu hii hatujaongea vizuri.

Andika, hata kama ni kunikasirikia.

Mama yako

18 Julai

Mama,

Shikamoo. Barua hii nimeianza mara nne.

Mzigo wa kwanza, ule wa mwaka jana, ulikuwa wa hoteli kweli. Baadaye walitupunguza kazini, nikakaa miezi miwili bila kazi, na wewe unaandika kwamba watu wanaulizia mito. Ulikuwa umeandika kwa furaha. Sikuwa nimesoma barua yako ya furaha tangu wakutoe kiwandani. Nikapata kazi ya kusafisha wodi, na magodoro yakizeeka tunaambiwa tukayachome. Mengine mazima kabisa, mama. Nikajiambia sponji ni sponji, nikaliacha neno hoteli lilivyokuwa. Uongo ni wangu, si wako.

Ila sikukutumia kitu nisichokitumia. Mimi mwenyewe nalalia godoro la wodini tangu nianze kazi hapa. Nikijinyoosha nawaza nani alilala hapo kabla yangu, na kama alipona.

Juzi nimeyachoma yote yaliyobaki kama tulivyoagizwa, nikaongeza na langu. Sasa nalala juu ya maboksi. Nisamehe ukiweza. Usipoweza, niambie.

Mwanao

3 Agosti

Mwanangu,

Sisi wazima. Baba yako ameanza kunijibu tena, neno moja moja.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama kwenye beseni la nguo za watu. Nilipofika pale pa maboksi nikakasirika upya. Nani amekutuma ulale chini na kikohozi hicho? Nilikutaka useme kweli, sikukutaka uugue.

Kukusamehe sijamaliza. Naendelea nako kidogo kidogo, nikipata nafasi kati ya nguo na nguo. Usinihimize. Mama wa pacha bado hanisalimii. Watoto wake wazima, nawasikia wakicheka asubuhi, na mimi huacha kufua kwanza nikawasikiliza.

Nimempa Breki kifurushi chako. Ni mto. Foronya ni mpya, nimeishona jana. Ndani ni sufi, nimeitoa kwenye mto wangu mwenyewe niliolalia miaka kumi na moja, nikaichambua kwa mkono na kuianika siku tatu. Hakuna kingine humo. Nakuambia ili ujue unalalia nini.

Mama yako