Dole Gumba la Daimu Salum

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Songea
Tarehe 3 Juni 2024, saa 4:20 asubuhi

Jina: Epifania Yohanes Komba
Umri: Miaka 24
Dini: Mkristo
Kazi: Karani na mchapaji
Makazi: Mjimwema, Manispaa ya Songea

Nimefika kituoni kwa hiari yangu. Bosi wangu hajui kwamba niko hapa.

Tangu Agosti 2023 nimeajiriwa katika mradi wa utafiti wa mbung'o na nzi wengine wanaouma. Ofisi yetu ni nyumba ya kupanga hapa Songea. Mratibu wa mradi ni Bwana Leonce Haule. Fundi wa maabara ni Goodluck. Marehemu Daimu Salum, miaka 41, mwenyeji wa Nalasi, Tunduru, alikuwa mtegaji. Kazi yake ilikuwa kutundika porini mitego ya vitambaa vya bluu na vyeusi, kisha kuleta mbung'o walionaswa wakiwa ndani ya chupa. Kila chupa aliandika mwenyewe tarehe na namba ya mtego. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu, ndiyo maana Goodluck alimwita "mwalimu".

Mnamo tarehe 18 Machi 2024 mvua ziliharibu barabara, Daimu akahamishiwa Songea kuhesabu mbung'o. Alilala chumba cha nyuma ya ofisi. Siku hiyo alinionyesha uvimbe mwekundu shingoni. Alisema, "Huyu aliukataa mtego, dada, akanichagua mimi." Tulicheka wote.

Mnamo tarehe 8 Aprili, saa 5:00 asubuhi, alikutwa amelala kati ya chupa. Ilikuwa Ramadhani na yeye alikuwa amefunga. Goodluck alimwambia, "Mwalimu, hiyo daku ulimaliza sufuria nzima peke yako?" Daimu alijibu, "Kichwa, mdogo wangu. Kichwa hiki si changu." Mratibu aliniagiza niandike barua ya onyo. Sababu niliyoandika ni kulala kazini.

Idi ilikuwa tarehe 10 Aprili. Nilidhani akianza kula mchana usingizi utakwisha. Haukuisha. Nilimwona amelala na kijiko mkononi, na wali bado mdomoni. Mlinzi wa ofisi alisema usiku Daimu hapati usingizi, anazunguka uani akiongea peke yake. Siku moja, tarehe siikumbuki, Daimu alisimama mlangoni kwangu akasema, "Dada, niombee kwa bosi. Goodluck anitoboe kidole, aangalie damu yangu."

Mwezi Januari nilikuwa nimechapa kipeperushi cha mradi kuhusu ugonjwa wa malale, nakala mia nne za kugawa vijijini. Maneno yake nayajua kwa kichwa: homa, kuumwa kichwa, uvimbe mahali ulipoumwa, kulala mchana na kukesha usiku.

Mnamo tarehe 25 Aprili niliagizwa kuandika onyo la pili. Nilikwenda kwa mratibu na kipeperushi hicho, nikamwomba Daimu apimwe. Alisema, "Epifania, wewe ni karani au daktari?" Nikajibu, "Karani, bosi." Akasema, "Tukianza kukuta ugonjwa kwa watu wetu wenyewe, wafadhili watauliza tuliwalindaje. Kaandike barua." Kutoka mezani kwangu hadi kwenye hadubini ya Goodluck ni hatua kumi na mbili. Nimezihesabu baadaye. Siku ile nilikaa, nikaandika barua.

Mnamo tarehe 14 Mei, saa 8:30 mchana, Daimu aliitwa ofisini kwa mratibu kusaini barua ya kuachishwa kazi. Mimi niliichapa. Ilisema anaondoka kwa ridhaa yake na hana dai lolote kuhusu afya yake. Alishika kalamu, akaandika herufi D na a, kisha akalala. Kalamu iliteremka ikachora mstari hadi ukingoni mwa karatasi. Mratibu alisema, "Unaona? Hata hapa." Akaniagiza nichape nakala nyingine na nilete pedi ya wino wa mhuri. Nilipoileta alisema, "Mshike mkono."

Nilimshika. Mkono ulikuwa wa moto. Nilibonyeza dole gumba lake la kulia kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Hapo alifumbua macho, akakitazama kidole chake, akaniuliza, "Damu mmeshachukua, dada?"

Mratibu alinitazama. Nikajibu, "Ndiyo, kaka. Tayari."

Akasema, "Mungu akulipe."

Tarehe 15 Mei, saa 12:00 asubuhi, Goodluck alimpeleka stendi kwa bodaboda. Goodluck alikaa nyuma yake akimshika asianguke. Daimu alipanda basi la Tunduru. Sikumwona tena.

Tarehe 30 Mei, saa 3:00 asubuhi, mke wake, Bi. Biasha, alifika ofisini peke yake. Nilimwamkia shikamoo. Alisema mumewe alifariki hospitalini tarehe 23 Mei, na kwamba damu yake ilikutwa na vimelea vya malale. Nilimuuliza kwa nini walichelewa kumpeleka. Alisema, "Nilimbembeleza siku sita, mwanangu. Alikataa. Alisema ameshapimwa Songea, majibu yapo kwa dada karani, atapiga simu." Kisha akanyoosha ile barua mezani. "Na mume wangu anajua kuandika. Hili dole alimwekea nani?"

Mratibu alitoka akamwambia aje wiki ijayo.

Umeniuliza kama nilitishwa. Hapana. Niliogopa kupoteza kazi, lakini hakuna aliyenitamkia hivyo. Neno "tayari" sikuagizwa kulisema. Lilitoka kwangu.

Nakabidhi nakala ya kwanza ya barua, yenye D na a na ule mstari. Niliiokota kwenye kapu la takataka siku ileile. Herufi EYK chini ya barua zote tatu ni zangu, mimi niliyezichapa.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyatenda. Nimesomewa, nimeona yako sawasawa, sitaki kufuta neno.

Sahihi ya shahidi: E. Y. Komba

Maelezo haya nimeyaandika mimi, WP Koplo Shakila, na kuyamaliza saa 6:05 mchana. Nimepokea kielelezo, barua moja. Nilimwelekeza shahidi aweke pia alama ya dole gumba la kulia. Aliomba nisimshike mkono. Ameweka mwenyewe.