Mawe Yetu Ndani ya Bwawa la Nuu

Mjukuu wangu Mutua,

Hapa Nuu tuko wazima, na mbaazi zimetoa maua. Dada yangu Mwende, nyanya yako, anakusalimu.

Katika barua yako unauliza vyombo vyenu vingi vya kutumiana sauti vitaongeaje chini ya maji bila kuvurugana. Tukiwa wasichana, Kilonzo, aliyekuja kuwa babu yako, alizamisha kichwa bwawani, nasi tukamwita kwa kugonganisha mawe ndani ya maji. Mwende akigonga, nami nagonga makusudi, ili Kilonzo asimsikie. Kilonzo akaibuka amekasirika.

"Mwende, gonga polepole. Kalondu, wewe gonga harakaharaka. Nitawajua."

Tukafanya hivyo. Alitusikia sote vizuri kabisa, halafu akaogelea kwa Mwende.

Mpaka leo nasema, afadhali ningeendelea kuvuruga.

Ni mimi,
Nyanya Kalondu