Mrudishe Mkude kwa Mjomba Wake

Kaka,

Shikamoo. Salamu hiyo nimeiandika kwa sababu wewe ni mkubwa wangu, na mama yetu hakutulea tuanze maneno bila salamu. Usidhani moyo wangu umetulia. Haujatulia tangu uondoke hapa Morogoro na mtoto wa watu. Shule niliiacha katikati, unajua, kwa hiyo ukikuta neno limepinda, lisome hivyo hivyo. Hasira yangu haijapinda.

Unakumbuka siku watoto waliposhuka mlimani kuleta majani ya farasi kwa mara ya kwanza? Walisimama mbali wakimtazama yule farasi wa kijivu. Waluguru wa juu kule hawana hata ng'ombe, wamezoea mbuzi na kuku. Mkude, aliyekuwa mdogo kuliko wote, akauliza, "Huyu punda nani amemvuta shingo?" Ulicheka mpaka ukaegemea ukuta wa banda.

"Njoo umuulize mwenyewe," ukamwambia.

Akaja kweli, lakini kwa nyuma, kama mtu anayekwenda kumkamata mbuzi mguu. Ulimrukia ukamnyanyua juu kabla ukwato haujamfikia. Nilidhani utamzaba kofi. Hukumzaba. Ulimweka chini, ukachuchumaa mbele yake.

"Wewe ukiwa unakula, mtu akikushika mgongoni bila kusema neno, utamfanya nini?"

"Nitamtupia ugali."

"Basi na huyu ana ugali wake. Kauweka miguuni."

Watoto wote walianguka kwa kicheko, na hakuna hata mmoja aliyepita tena nyuma ya farasi. Ndivyo ulivyokuwa, kaka. Uliwafundisha kumwendea farasi kwa upande wa bega, wakimsemesha njia nzima, kisha wamwachie mkono aunuse. Uliwafundisha kuinua mguu na kutoa vijiwe kwa kijiti, kumpa maji kabla ya nafaka, na kumwacha kwanza jasho likauke. Kila jioni waliwasha mavi makavu mlangoni ili moshi ufukuze mbung'o, nzi wanaoua farasi. Ukawashikisha masikio ya farasi wajue joto la homa, kama baba alivyokuwa akishika masikio ya ng'ombe wetu kule Unyanyembe. Nilipokuona nilikumbuka nyumbani mpaka nikatoka nje.

Bwana wetu wa hapa, yule Mdachi, alipoleta kiboko, akasema mtoto mweusi hafundishiki bila hicho, ulikipokea kwa mikono miwili. "Ndiyo, bwana." Alipogeuka ukakipigilia ukutani ukawa unatundikia hatamu. Ukaniambia, "Mtoto akiogopa, mikono inatetemeka, na farasi anaisikia mikono." Maneno hayo ni yako, sikuyaokota njiani.

Sasa niambie ni nani aliyekwenda Kilosa. Ni wewe yule au ni mtu mwingine amevaa kofia yako?

Bwana wako mpya alitaka mnyapara wa farasi, nawe ukataka kufika na mtoto aliyekwisha fundwa, uonekane fundi. Ukamchagua Mkude kwa sababu hata yule wa kijivu humpa miguu yote bila ubishi. Ukapanda kwa baba yake, ukampa doti ya kaniki na tumbaku, mkashikana mikono. Kwetu ingetosha. Lakini tumekaa chini ya milima hii muda mrefu, kaka, na hukuuliza hata mara moja watu hawa wanaishije.

Mama yake alikuwa shambani akipalilia maharage. Aliporudi hakumkuta mtoto, akashuka mbio na jembe mkononi.

"Wewe Mnyamwezi, mwanangu yuko wapi?"

"Mama, si baba yake ameruhusu?"

Alinitazama kama mtu anayemtazama mjinga. "Baba yake? Baba yake mgeni pale kama wewe! Alikuja kwetu, akapewa pa kulima. Mtoto ni wa ukoo wangu. Mwenye kusema ndiyo au hapana ni kaka yangu, yuko Matombo. Nani kamuuliza kaka yangu?"

Alikaa chini pale mlangoni tunapowashia moshi, na hakuna mtu aliyethubutu kumwambia ainuke. Baba mtu aliirudisha kaniki siku ya pili. Iko hapa, imekunjwa, hakuna anayeivaa.

Hata hapo nilikutetea. Nilisema kaka yangu amekosea mila, hana roho mbaya, na mtoto yuko katika mikono mizuri. Halafu wakapita wapagazi waliotoka huko Kilosa. Mmoja alikuwa mtu wa kwetu, nikampa uji, nikamuuliza habari zako. Akasema, "Kaka yako amekuwa mkubwa. Ila kile kitoto cha Kiluguru kinalala na farasi, na farasi akichechemea kinachapwa."

"Nani anakichapa? Mzungu?"

Akanywa uji kwanza. "Kaka yako."

Kaka, nilimwambia mwongo. Mtu mzima, mgeni wangu, nilimwambia mwongo mbele ya wenzake. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza, maana mwongo angekasirika.

Hapa kazi imenichosha. Mgongo unauma, usingizi sina, na nyumbani ni mbali. Kilichokuwa kinanitia nguvu ni kwamba tulitoka pamoja kwa mama na tutarudi pamoja. Sasa sijui. Nitakaaje nawe ndani ya nyumba ya mama nikijua kuna mama mwingine huku anaulizia mwanawe kila anaposhuka na majani? Usiponirudishia mtoto huyu, nitarudi Unyanyembe peke yangu. Mama akiuliza uko wapi, nitamwambia, na sitapunguza neno.

Usiniambie bwana hatakubali. Bwana wako hakumchukua Mkude, ulimchukua wewe. Mwambie mtoto ana homa, mwambie lolote. Mbele ya wazungu hujawahi kukosa maneno.

Aliyekukabidhi karatasi hii ndiye mjomba wake. Ametoka Matombo, amevuka kwa miguu mbuga ya Mkata yenye simba na mbung'o, kwa sababu treni inaishia hapa. Hajui kusoma, lakini nimemsomea yote kabla ya kuikunja, kwa hiyo usimbadilishie maneno. Ataketi na kunywa maji baadaye. Kwanza mwite mtoto.

Mdogo wako uliyemwacha bandani.