Tafadhali, Mheshimiwa Ngamia

Dada Rehema,

Huku Garissa jua linakaanga mtu bila mafuta, lakini nduguyo ana bahati: nimekuwa fomeni! Kwenye semina ya uongozi, mwalimu alisema atakayemsimamisha ngamia aliyelala kwa upole, bila kufoka, ndiye atakayepandishwa cheo. Nikamwinamia ngamia: "Tafadhali, mheshimiwa, simama." Akajilaza zaidi. "Tafadhali sana!" Akafumba macho.

Abdi, mwenye ngamia, alicheka mpaka akakaa chini. "Bole, warya, wewe bwana! Wewe sema 'tafadhali', ngamia nasikia 'fadhi', Kisomali hiyo ni kaa chini! Wewe ambia yeye kaa, kaa, halafu taka simama?"

Chai ya maziwa ya ngamia ni tamu ajabu. Msalimie Mama, mle mshibe. Kusema kweli, fomeni ni Otieno, mwenzangu wa semina. Alikohoa tu, ngamia akainuka. Mimi nilikudanganya.

Nduguyo Juma