Uvimbe Nyuma ya Mfupa wa Paja

Engutoto, Arusha

Mjukuu wangu Upendo,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Huku tu wazima. Mama yako amehamishia genge lake Kwa Mrombo, na Meru umejifunika mawingu wiki nzima.

Umeniuliza kama useme huko chuoni kwamba mifupa uliijulia buchani kwa babu yako, maana wenzako watacheka. Ngoja nikusimulie.

Ujanani, kabla sijafungua bucha, nilifanya usafi kwenye jumba la maonyesho hapa mjini. Siku moja ukaletwa mfupa wa paja wa dinosaria, umegeuka jiwe, mrefu kunizidi. Mama mtaalamu aliyekuja nao akaniuliza naona nini. Mimi nimegawa nyama ya mbuzi tangu utotoni, sikusita. Nikamwonyesha kichwa cha mviringo kinachoingia kwenye nyonga, na chini vifundo viwili vya goti. Nikasema ni mguu wa kushoto.

"Sawasawa," akasema.

Sifa zikanipanda kichwani. Nikagusa uvimbe uliokuwa nyuma, karibu na katikati ya mfupa. "Na hapa alivunjika, akaungika." Maana paja la mbuzi halina kitu kama kile.

Akacheka bila dharau. "Hapana, kaka. Hapo ndipo msuli wa mkia uliposhikamana na mfupa. Mkia wake ulikuwa mnene, ndio uliovuta mguu nyuma alipotembea."

Nikaugusa tena. Kumbe nilipodhani ni kovu ndipo zilipokuwa nguvu zake.

Kwa hiyo bucha itaje, usione haya. Mbuzi wetu atakufikisha mbali. Kumbuka tu kwamba mkia wake ni mfupi.

Babu yako wa buchani