Ile karatasi uliyowashia jiko

Baba Akello,

Uji uko kwenye chupa. Fungulia mbuzi kabla hujatoka.

Karatasi uliyowashia jiko asubuhi, ukasema ni takataka, ndiyo mkutubi wa Tarime aliyomwandikia mwanao tovuti za vitabu vya bure na mitihani ya miaka iliyopita. Akello amelia sana. ~~Nimekusamehe.~~

Ulipokwenda kukamua nilimpigia mkutubi, akanisomea zote upya. Karatasi nyingine sina, kwa hiyo nimeziandika kwa kalamu ya makapeni mgongoni mwa shati lako jeupe. Mashati mengine nimeyaloweka. Koti nimelivaa mimi, kuna baridi.

Leo unaongoza kwaya, utawageuzia waumini mgongo ibada nzima. Sisi tumetangulia. Akello atakaa benchi la mbele na daftari lake, anakili. Usitingishike sana.

Mama Akello